Mchujo Ndio Uchaguzi Wenyewe

Wengi wetu Afrika Mashariki tulilisikia jina la Zohran Mamdani mwaka 2025, mzaliwa huyu wa Kampala alipombwaga Andrew Cuomo, gavana wa zamani, katika mchujo wa chama cha Democratic na baadaye kuchaguliwa meya wa New York. Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Lakini anayetaka kuielewa siasa iliyomfikisha pale inampasa arudi nyuma miaka mitano, kwenye kinyang'anyiro ambacho huku kwetu karibu hakuna aliyekifuatilia.

Juni 2020, katika mtaa wa Astoria ulioko Queens, Mamdani aliwania kiti cha bunge la jimbo la New York dhidi ya mwanachama mwenzake, Aravella Simotas, aliyekikalia tangu 2011. Alimshinda kwa kura mia nne na ushei. Simotas hakuwa fisadi wala mhafidhina. Rekodi yake ni rekodi ambayo Mdemokrati yeyote angeitetea bila aibu. Aliyempinga alikuwa kijana mwenye kazi ya kuwashauri watu waliokuwa hatarini kunyang'anywa nyumba zao kwa sababu ya madeni, na ujumbe wake kwa watu wa Astoria ulikuwa kwamba rekodi hiyo haitoshi. Wakamkubali, kwa tofauti nyembamba.

Viongozi wa vyama huyachukia mambo kama haya. Husema yanakula fedha, yanagawa wanachama na kumpa adui silaha. Nimezisoma hoja zao kwa miaka kadhaa sasa na nyingine nazikubali, kama nitakavyoeleza. Ila msingi wangu haujatikisika: mahali ambapo chama kimoja hushinda daima, mchujo ndio uchaguzi wenyewe, na kutaka mbunge aliyepo asipingwe ni kuwaambia wapiga kura wakae nyumbani.

Mkenya hahitaji kufafanuliwa hili. Katika ngome ya chama, ukishapata tikiti, kura ya Agosti huwa ni kukamilisha safari tu. Vumbi lote hutimka kwenye mchujo. Bronx, Queens, St. Louis na sehemu kubwa ya Chicago ni ngome za aina hiyo kwa Wademokrati. Mgombea wa Republican akijitokeza huko, anajitokeza ili jina lake liwemo kwenye karatasi.

Mtanzania naye atataka kujua jambo jingine: je, mshindi wa kura za maoni hawezi kukatwa jina na vikao vya juu? Marekani hawezi. Tangu mwanzoni mwa karne ya 20, Robert La Follette na wenzake walipopigania sheria ya mchujo wa moja kwa moja kule Wisconsin, uamuzi wa nani apeperushe bendera ya chama ulianza kutoka mikononi mwa wazee wa chama na kuingia mikononi mwa wapiga kura wa kawaida. Hakuna kamati kuu ya kumrudisha aliyeshindwa. Mwenyekiti wa chama anaweza kumchukia mshindi kadiri apendavyo, lakini katika uchaguzi mkuu wa Novemba atalikuta jina lake kwenye karatasi ya kura.

Kwa hiyo wazee wa chama walitafuta mlango wa nyuma. Mwaka 1998, mbunge Thomas Manton wa Queens alijaza fomu za kutetea kiti chake, akasubiri hadi muda wa wengine kujaza fomu ukapita, kisha akatangaza kustaafu. Kamati ya chama ikajaza pengo kwa kumweka Joe Crowley. Mwaka 2004 huko Illinois, Bill Lipinski alishinda mchujo, akajitoa baadaye, na chama kikamweka mwanawe Dan, aliyekuwa akifundisha chuo kikuu nje ya jimbo. Hakuna sheria iliyovunjwa. Lakini watu wa Queens na wa Chicago walipewa wabunge wapya bila kuulizwa, na ilichukua muda mrefu kabla ya kupata nafasi ya kujibu.

Queens walijibu tarehe 26 Juni 2018. Crowley wakati huo alikuwa Mdemokrati wa nne kwa cheo katika Baraza la Wawakilishi, akitajwa kuwa spika ajaye. Hakuwa amepingwa katika mchujo tangu 2004. Alexandria Ocasio-Cortez, mwenye miaka 28, aliyekuwa akihudumu baa muda mfupi kabla, alimshinda kwa karibu asilimia 57 ya kura. Kulikuwa na mdahalo mmoja Bronx ambao Crowley hakufika. Alimtuma mwanasiasa mwingine akae kwenye kiti chake. Sijui kosa gani lingemweleza vizuri zaidi kuliko hilo.

Ukiwatazama wakongwe walioanguka miaka ile, utaona kwamba maneno "kushoto" na "kati" hayatoshi kueleza kilichowapata. Michael Capuano wa Boston alikuwa miongoni mwa waliberali wakubwa bungeni. Ayanna Pressley alimshinda Septemba 2018 katika eneobunge ambalo wakazi wake wengi si Wazungu, na katika kura nyingi za bungeni wawili hao wasingetofautiana. Kiti cha St. Louis kilikuwa cha familia ya Clay tangu 1969, baba kisha mwana, mpaka Cori Bush, muuguzi na mchungaji aliyejulikana katika maandamano ya Ferguson dhidi ya ukatili wa polisi, alipokichukua Agosti 2020 baada ya kushindwa vibaya miaka miwili kabla. Dan Lipinski peke yake ndiye aliyekuwa wa kulia waziwazi: alipinga haki ya kutoa mimba na mwaka 2010 alipiga kura dhidi ya sheria ya afya ya Obama. Marie Newman alimkosa kwa kura chache mwaka 2018, akarudi 2020 na kumng'oa.

Halafu yuko Eliot Engel. Mwenyekiti wa kamati ya mambo ya nje, bungeni tangu 1989. Yeye mwenyewe aliingia kwa kumshinda mchujoni mbunge mkongwe, Mario Biaggi, aliyekuwa amezama katika kesi za ufisadi. Juni 2020, katikati ya maandamano yaliyofuata kuuawa kwa George Floyd, Engel alikwenda kwenye mkutano wa viongozi Bronx na kuomba apewe nafasi ya kuzungumza. Kipaza sauti kikamnasa akisema: "Kama nisingekuwa na mchujo, nisingejali." Wiki tatu baadaye Jamaal Bowman, mwalimu mkuu wa shule ya Bronx, alimshinda.

Watetezi wa Engel walisema maneno yake yalitolewa nje ya muktadha, kwamba alimaanisha nafasi ya kuzungumza tu. Inawezekana. Mimi nayachukua kama alivyoyasema, kwa sababu yana ukweli mkubwa kuliko alivyokusudia. Bila mchujo asingekuwa pale kabisa. Mbunge wa ngome ana sababu chache sana za kurudi nyumbani, na hiyo moja ndiyo kubwa kuliko zote. Mwaka 2019 kamati ya chama inayosimamia kampeni za wabunge ilitangaza kwamba haitafanya kazi na washauri wala kampuni zinazowahudumia wanaowapinga wabunge waliopo. Utaratibu huo ulifutwa 2021. Katika miaka miwili hiyo, chama kilikuwa kinatumia nguvu zake kuiondoa sababu hiyo moja.

Habari za Ocasio-Cortez zilienea dunia nzima. Ushindi mkubwa zaidi wa mwaka ule, kwa maoni yangu, ulipatikana miezi miwili na nusu baadaye, na ulihusu watu ambao hata Wamarekani wengi hawawajui.

Katika seneti ya jimbo la New York kulikuwa na kundi la Wademokrati lililojiita Independent Democratic Conference, IDC kwa kifupi. Lilianzishwa 2011 na Jeffrey Klein wa Bronx, na kufikia 2017 lilikuwa na maseneta 8. Walichaguliwa kwa tikiti ya Democratic, katika ngome za Democratic, kisha wakashirikiana na Republican na kuwaachia usukani wa seneti. Wao walipata vyeo, ofisi na bajeti. Miswada iliyopitishwa na bunge la chini, ya kuwalinda wapangaji, ya haki ya kutoa mimba, ya kuwasaidia kwa karo wanafunzi wasio na vibali vya kuishi nchini, ilifika seneti ikafia hapo. Gavana Cuomo aliishi na mpangilio huo kwa miaka.

Hebu fikiria uko Bronx Kaskazini. Umepiga kura kwa Democratic maisha yako yote, na wazazi wako pia. Unashangaa kwa nini jimbo linalotawaliwa na chama chako haliwezi kupitisha sheria ambayo chama chako kinaihubiri kila mwaka. Jibu lilikuwa ni seneta wako mwenyewe, na watu wengi hawakulijua hilo mpaka wapangaji, walimu na akina mama wa mitaani walipoanza, baada ya uchaguzi wa Trump wa 2016, kwenda nyumba kwa nyumba na kulieleza kwa subira. Nakiri kwamba sehemu hii ya historia hunigusa kuliko zote. Hakukuwa na nyota wa televisheni. Kulikuwa na karatasi moja iliyoeleza jinsi seneti inavyofanya kazi, na watu waliokubali kufungiwa milango usoni.

Tarehe 13 Septemba 2018, 6 kati ya wale 8 walianguka. Klein, aliyetumia zaidi ya dola milioni 2, alishindwa na Alessandra Biaggi, mwanasheria kijana ambaye, kwa namna ya pekee ya siasa za Bronx, ni mjukuu wa yule Mario Biaggi aliyeangushwa na Engel. Jessica Ramos, Zellnor Myrie, Robert Jackson, John Liu na Rachel May waliwaangusha wengine watano.

Siku hiyohiyo, katika mchujo wa ugavana, Cynthia Nixon, mwigizaji, aligombea kutoka kushoto dhidi ya Cuomo na akashindwa vibaya. Cuomo alipata karibu theluthi mbili ya kura. Kwa hiyo wapo wapiga kura wengi walioingia kwenye kibanda, wakamchagua Cuomo, kisha kwenye karatasi hiyohiyo wakamfukuza seneta wao. Hawakuwa wameamka asubuhi hiyo wakiwa wajamaa. Waliwasilishiwa shtaka moja lililo wazi, kwamba huyu amechukua kura yako akampa mpinzani wako, na wakatoa hukumu. Wanaodhani michujo hii hushindwa au kufaulu kulingana na umbali wa mgombea kuelekea kushoto wanapaswa kuitazama karatasi ile kwa makini.

Matokeo yake yalionekana mapema mno. Novemba Wademokrati walipata wingi halisi wa seneti. Januari 2019 sheria ya haki ya uzazi ikapita, na ile ya wanafunzi wahamiaji ikapita pia. Juni ikapita sheria ya nyumba iliyobadilisha maisha ya wapangaji wa karibu nyumba milioni 1 za New York zenye kodi inayodhibitiwa: mwenye nyumba hawezi tena kuitoa nyumba kwenye udhibiti kwa sababu tu kodi imefika kiwango fulani, hawezi kupandisha asilimia 20 kila mpangaji anapohama, na amana isizidi kodi ya mwezi mmoja. Wahamiaji wasio na vibali wakaruhusiwa kupata leseni za udereva. Kwa dereva au mfanyakazi wa mgahawani kutoka kwetu anayeishi Bronx, mambo hayo yana uzito kuliko hotuba yoyote iliyowahi kutolewa Washington.

Linganisha na Bunge la Marekani lenyewe. Ocasio-Cortez alipata sauti kubwa, na sauti ina thamani yake, lakini alikuwa mmoja kati ya 435. Kule Albany, makao makuu ya jimbo la New York, watu 6 waligeuza mizani nzima. Kama ningekuwa na dola kumi za kuchangia, na kama ningekuwa raia wa kule, ningezipeleka kwenye mchujo wa seneti ya jimbo.

Sasa nije kwenye gharama, maana ipo.

Mei 2022 huko Oregon, Jamie McLeod-Skinner alimng'oa Kurt Schrader, mbunge wa msimamo wa kati aliyeungwa mkono na Rais Biden. Schrader alistahili kupingwa: alikuwa mmoja wa Wademokrati watatu waliokwamisha katika kamati mpango wa serikali kujadiliana bei za dawa. Lakini eneobunge lile halikuwa ngome. Novemba McLeod-Skinner alishindwa kwa tofauti ndogo na Lori Chavez-DeRemer wa Republican, katika mwaka ambao Republican walichukua Baraza la Wawakilishi kwa viti 222 dhidi ya 213. Hakuna awezaye kuthibitisha kwamba Schrader angekihifadhi kiti. Mwaka 2024 McLeod-Skinner aligombea tena, na safari hii wapiga kura wa mchujo wakamchagua Janelle Bynum, aliyekirudisha kiti. Nadhani walisoma hesabu vizuri. Hoja yangu kuhusu mchujo inasimama kwenye ngome. Mahali ambapo Novemba ina mashindano ya kweli, mpiga kura ana uchaguzi wa pili mkononi na hana budi kuufikiria huo pia.

Texas ni ngumu zaidi. Jessica Cisneros alimpinga mara mbili Henry Cuellar wa Laredo, Mdemokrati anayepinga haki ya kutoa mimba. Mwaka 2022 walikwenda duru ya pili tarehe 24 Mei, wiki tatu baada ya kuvuja kwa rasimu ya hukumu ya Mahakama ya Juu ya kuifuta haki hiyo. Uongozi wa chama uliokuwa ukiilaani rasimu ile kila siku, akiwemo Nancy Pelosi, ulimuunga mkono Cuellar. Alishinda kwa kura 289. Walisema kiti kingepotea mikononi mwa Cisneros, na kwa kuwa maeneo ya mpakani yamezidi kuelekea kwa Republican tangu wakati huo, siwezi kusema walikuwa wajinga. Hata hivyo chama kilichojiwekea neno la haki za wanawake kwenye bendera kilikuwa na hiari ya kunyamaza, na hakikunyamaza.

Nao wa kati, wakishindwa, hawakubali daima. Buffalo mwaka 2021, India Walton, muuguzi, alimshinda meya wa mihula minne Byron Brown, aliyekataa hata kufanya naye mdahalo. Brown akarudi Novemba kama mgombea wa kuandikwa jina kwa mkono, wafuasi wake wakagawa mihuri yenye jina lake ili wapiga kura wagonge tu, na akashinda kwa msaada wa kura za Republican. Mwenyekiti wa chama wa jimbo alikataa kumuunga mkono Walton aliyeshinda kihalali. Umoja wa chama, inaonekana, hudaiwa kutoka upande mmoja.

Yaliyotokea 2024 ndiyo yanayowaumiza zaidi walio kushoto. Bowman alishindwa Juni na George Latimer. Bush akashindwa Agosti na Wesley Bell. Mfuko wa kampeni unaohusiana na AIPAC, taasisi inayoitetea Israel, ulitumia zaidi ya dola milioni 14 katika mchujo wa Bowman na zaidi ya milioni 8 katika ule wa Bush. Wawili hao walikuwa wamedai mapema vita visitishwe Gaza. Fedha kiasi hicho kutoka nje ya eneobunge, katika mchujo unaoamuliwa na watu wachache, ni jambo la kutisha, na sheria za Marekani zinazoliruhusu ni mbovu. Silaha iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wanaogonga milango imenunuliwa.

Lakini tazama matangazo yenyewe. Mengi hayakuitaja Israel. Yalitaja kura ya Novemba 2021, ambapo Wademokrati 6, Bowman na Bush wakiwemo, waliupinga mswada wa Biden wa barabara, madaraja na mabomba ya maji. Walikuwa na sababu: waliogopa kwamba mswada huo ukipita peke yake, ule wa huduma za jamii ungekufa, na kweli ulikufa. Sababu nzuri, ila ni nani aliyeieleza mlango kwa mlango St. Louis kwa miaka miwili na nusu? Summer Lee wa Pittsburgh, mwenye msimamo uleule kuhusu Gaza, alifanya kampeni ya 2024 akihesabu fedha za serikali kuu alizozileta nyumbani, na akashinda mchujo wake kwa urahisi. Milioni 14 hununua matangazo mengi sana, lakini hutafuta kwanza ufa.

Ilhan Omar, mbunge kutoka Minnesota, ameyaona yote mawili, kupinga na kupingwa. Aliishi miaka minne katika kambi ya wakimbizi nchini Kenya kabla ya kufika Marekani. Mwaka 2016 aliwania kiti cha bunge la Minnesota dhidi ya Phyllis Kahn, aliyechaguliwa mara ya kwanza 1972, miaka kumi kabla ya Omar kuzaliwa. Alishinda, kwa kura za wanafunzi wa chuo kikuu na za Wasomali wa mtaa wa Cedar-Riverside, Minneapolis. Miaka miwili baadaye akaenda Washington. Agosti 2022, akiwa sasa yeye ndiye anayetetea kiti, Don Samuels, Mdemokrati wa msimamo wa kati, alimkaribia mpaka tofauti haikufika kura 2,500. Samuels akarudi tena 2024. Safari hii Omar hakumpa nafasi. Alipiga kampeni mapema na kwa nguvu, na siku ya kura akapata asilimia 56.